Moto kichaa huzimwa mwezi wa sita: namna ya kulinda pori lako huku Tabora

Kama una pori kwenye ardhi yako na mwezi wa sita unaisha hujatengeneza kinga ya moto mpakani, yaani ukanda usio na majani, mwaka huo unaishi kwa kudra za Mungu. Nalisema hili kila mwaka kwenye mkutano wa kijiji, na kila mwaka hawakosi wanaocheka. Mwezi wa sita majani bado yana ukijani kwenye shina, sisi wafuga nyuki tuko kwenye mavuno, wakulima wanahangaika na tumbaku yao sokoni, nani awaze moto? Moto wanauwaza mwezi wa tisa, ukishaonekana. Wakati huo kinachobaki ni kukimbia na matawi.

Mimi ni mfuga nyuki, Sikonge. Pori langu niliachiwa na baba, na sasa lina hati ya hakimiliki ya kimila yenye jina langu. Lina miti ya mitundu mingi, mininga michache iliyopona misumeno, na huko chini linaishia kwenye mbuga, uwanda wa majani marefu. Mashariki napakana na mkulima wa tumbaku, kusini inapita njia ya ng'ombe, magharibi ni msitu wa hifadhi wa serikali. Mwenye pori yeyote Uyui, Urambo au Kaliua, na hata Uvinza na Kasulu kule Kigoma, akitazama mipaka yake atawakuta majirani wa aina hiyo hiyo. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza yanaweza kumfaa.

Kwanza, jua unachodaiwa na sheria

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, iliyofuata Sera ya Taifa ya Misitu ya 1998, haiongelei misitu ya serikali peke yake. Inatambua misitu ya taifa, ya halmashauri, ya vijiji na ya watu binafsi, na ina sehemu nzima inayohusu moto. Ikimshukia mtu wa kawaida inambana hivi: huchomi majani wala pori nje ya eneo la nyumba yako bila kibali; ukipanga kuchoma, majirani wajue kabla; moto uliouwasha ni mali yako mpaka uzimike, ukivuka mpaka wewe ndiye utakayeulizwa; na msitu ukiwaka, watu wanaweza kuamriwa kwenda kuuzima. Anayechoma mazao au miti ya mwenzake kwa makusudi anaingia kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Huko si faini ya kijiji tena.

Hapa ndipo ninapogombana na viongozi wetu. Kijijini huwa yanatangazwa maneno matatu tu: marufuku kuchoma moto. Habari ya kibali haitajwi. Sasa angalia kinachotokea. Mwenye pori, anayeogopa faini, anaacha kuchoma mwezi wa sita, wakati moto ni mpole na yeye mwenyewe yuko pale kuusimamia. Asiye na pori, anayesaka panya au anayetaka majani mabichi ya ng'ombe, anawasha mwezi wa tisa usiku na kwenda zake. Marufuku imembana yule ambaye hakuwa na shida. Pori letu la miombo litaungua tu kwa namna moja au nyingine, kwa sababu majani yanaota kila masika na kukauka kila kiangazi. Swali ni liungue lini, na nani amesimama pembeni.

Kule Ndola, Zambia, kwenye miombo kama yetu, wataalamu wa misitu walitenga vipande vya pori tangu miaka ya 1930. Kimoja kikawa kinachomwa mapema kiangazi, kingine kinachomwa mwishoni mwa kiangazi, kingine kinalindwa kisiguswe na moto kabisa. Kile cha moto wa kuchelewa miti iliisha, pakabaki majani na visiki. Cha moto wa mapema miti ilibaki. Kilicholindwa kilifunga na kuwa kichaka kizito. Lakini kukinga pori lote lisiungue hata mara moja kunahitaji watu na fedha ambazo mimi sina, na sidhani unazo. Moto wa mapema tunauweza.

Huhitaji kwenda Ndola kuliona hilo. Tafuta mche wa mninga porini kwako mwezi wa tano. Utakuta kijiti chembamba, hakifiki hata gotini, unadhani kimeota juzi. Fukua kidogo pembeni, utakuta mzizi mnene kama kiganja. Mninga mchanga hufa juu kila kiangazi na kuchipua tena masika, miaka kadhaa, ukijenga mzizi chini, mpaka siku ukipata nguvu urushe shina moja refu linalopita urefu wa majani. Moto mdogo wa mwezi wa sita ukimkuta huyo aliyekwisha kurusha shina, unamuunguza gome la chini tu na anaendelea. Moto wa mwezi wa tisa unamrudisha ardhini, kazi ya miaka inaanza upya.

Kijiji kabla ya panga

Anza na karatasi mwezi wa nne. Nenda ofisi ya kijiji uulize mambo mawili: kama kuna sheria ndogo ya moto, na kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi. Sheria ndogo huandaliwa na Halmashauri ya Kijiji, hupelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji wananchi waijadili, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Isipoidhinishwa wilayani haina meno. Faini ikitozwa kwa karatasi isiyopita huko, mtuhumiwa mjanja atakibwaga kijiji mahakamani. Kama haipo, ombeni iingie kwenye ajenda, na msiandike "marufuku" peke yake. Andikeni miezi ya kuchoma, nani anatoa kibali, jirani aarifiwe siku ngapi kabla, mwenye mpaka afanye nini, na kijana aliyetoka kwenda kuzima moto anapewa nini. Hilo la mwisho watu huliruka. Vijana wetu wanazima moto wa wenye pori, wanarudi na macho mekundu bila hata maji ya kunywa, halafu mwaka unaofuata tunashangaa hawatoki.

Kisha kibali. Kwetu safari huanzia kwa mtendaji wa kijiji na kamati ya maliasili, kisha afisa misitu wa wilaya. Ukiwa unapakana na hifadhi ya serikali kama mimi, wahusishe na watu wa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), maana na wao wana barabara zao za moto na ratiba yao. Mkipanga siku moja, ukanda wako na wao unaungana na kila mtu anafanya nusu ya kazi. Barua yangu haina mapambo:

"Kwa Mtendaji wa Kijiji. YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUCHOMA KINGA MOTO. Mimi ni mmiliki wa ardhi yenye hati namba ..., kitongoji cha .... Naomba kuchoma ukanda wa upana wa hatua kumi, upande wa mashariki na kusini mwa pori langu, kati ya tarehe ... na ..., kuanzia saa kumi na moja jioni. Nitakuwa na watu ..., na vifaa vifuatavyo .... Majirani ninaopakana nao wamearifiwa, saini zao ziko hapa chini. Moto hautaachwa bila mtu mpaka uzimike."

Nakala moja ibaki kwako ikiwa imepigwa muhuri. Usikubali kibali cha mdomo, hata kama mtendaji ni shemeji yako.

Majirani

Saini za majirani ndizo zinazochosha, na ndizo zenye faida kuliko kazi yote. Usimtume mtoto na daftari. Nenda mwenyewe, kaa, kunywa uji, ongea.

Kwa mkulima wa tumbaku ninakwenda na hoja ya mabani yake. Bani la kukaushia limeezekwa nyasi, na ndani lina moto usiku na mchana wakati wa kukausha. Cheche zinaweza kutoka kwake kuja kwangu, na za kwangu kwenda kwake. Tunakubaliana asafishe kuzunguka bani na asimwage majivu ya moto kwenye mpaka, na mimi nisafishe upande wangu. Wote wawili tunatia saini.

Mfugaji ni mazungumzo mengine. Mzee mmoja wa Kisukuma aliniambia wazi: "Mayu (yaani mama), majani yakizeeka ng'ombe hawali. Nisipochoma watakula nini?" Hajakosea. Majani makavu ya mwezi wa nane hayana kitu, na yakichomwa yanachipua hata bila mvua. Kwa hiyo sikumhubiria mazingira. Tulitembea mpaka mzima, nikamwonyesha ukanda ninaouchoma mwezi wa sita, nikamwambia machipukizi yake aingize ng'ombe. Yeye anapata malisho mapema, na ng'ombe wanaipara ile njia inabaki nyeupe mpaka mvua. Tangu hapo upande wa kusini nalala usingizi. Ukimkataza mfugaji bila kumpa kitu, atachoma usiku.

Warina asali wa zamani nao wamo, na hili linanihusu kwa sababu ni watu wa kazi yangu. Anayepanda mti na mwenge wa majani makavu, akaudondosha chini nyuki wakimzidi, ameteketeza mizinga ya wenzake wote. Bomba la moshi na nguo za kurinia si anasa. Kwenye kikundi chetu asiye na bomba anaazima, na akirina anamwagia maji mabaki ya moto kabla hajaondoka. Mzinga wa gogo au wa gome ukishika moto yanabaki majivu.

Kutengeneza kinga

Anza upande upepo unakotoka. Kiangazi chetu upepo mkubwa hutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo huko ndiko panapotangulia, hata kama jirani wa magharibi ndiye mwenye sifa mbaya.

Ninavyofanya mimi, nafyeka mistari miwili sambamba, kila mmoja hatua mbili upana, katikati naacha majani yamesimama upana wa hatua kumi hivi. Ile mistari naiparua kwa jembe na reki mpaka udongo uonekane. Fyekeo peke yake halitoshi, maana majani yaliyolala chini yakikauka ni daraja la moto. Yale ya katikati ndiyo yatakayochomwa. Mahali majani yanapita kichwa, kama ukingoni mwa mbuga, ongeza upana bila huruma.

Miti mibichi ndani ya ukanda usiikate. Kivuli chake kinapunguza majani. Tafuta miti mikavu iliyosimama karibu na mstari na uiangushe ndani kabla ya siku ya kuchoma, kwa sababu mti mkavu ukishika moto juu unatupa makaa upande wa pili, na hakuna kinga inayozuia kitu kinachotoka angani. Zoa pia mavi makavu ya ng'ombe kwenye mistari. Watu hawaamini mpaka waone: kinyesi kikishika moto kinafuka kimyakimya siku mbili, halafu upepo wa mchana unakifufua.

Mizinga iliyo chini ya miti au kwenye vichanja, fyeka kuizunguka na uparue, kila mzinga. Ni kazi ya kuudhi na haina njia ya mkato.

Siku ya kuchoma

Pima majani, siyo kalenda. Shika fungu la majani, lipinde karibu na ardhi. Juu pakikatika na chini pakipinda kwa ubichi, wakati ndio huo. Kote kukivunjika kama kijiti kikavu, umechelewa. Acha kuchoma, ongeza upana wa kufyeka. Kwetu kwa kawaida ni kati ya katikati ya mwezi wa tano na mwisho wa sita, ila masika yakirefuka inasogea.

Maandalizi yote yaishe mchana. Jioni kuanzia saa kumi na moja upepo unashuka, na usiku umande unakuja kukusaidia. Washa upande upepo unakoelekea, moto urudi kinyumenyume ukishindana na upepo. Unakwenda taratibu na mwali wake ni mfupi. Anza na kipande kidogo cha hatua chache, uutazame tabia yake. Ukiona unaruka ruka, zima, rudini nyumbani, kesho ipo.

Kila mtu na kazi yake: mmoja anawasha, na ni huyo huyo mwanzo hadi mwisho, wawili wanatembea kwenye kila mstari na matawi mabichi ya majani mapana, mmoja ana bomba la mgongoni lenye maji matupu. Matupu kweli, siyo lile lililobaki na dawa ya tumbaku. Mmoja anakaa nyuma akitazama nje ya ukanda tu, hageuki kushangaa moto. Nguo ziwe za pamba na viatu viwe vya kufunika. Jezi za mpira wa miguu zinayeyukia mwilini. Watoto wabaki nyumbani.

Tawi halichapwi. Ukichapa unatawanya cheche. Linashushwa juu ya moto, linakandamizwa, linaburuzwa kurudi upande ulioungua.

Asubuhi rudi ukanyage mstari mzima. Weka mgongo wa kiganja karibu na kila kisiki na gogo lililoliwa na mchwa. Palipo na joto, fukua, mwaga maji, funika udongo.

Mwezi wa nane hadi mvua

Kinga ikishachomwa inabaki kuifagia majani yanayodondoka, hasa mitundu inapopukutisha. Kwenye simu weka namba za mtendaji, mwenyekiti wa kitongoji, kamanda wa sungusungu, afisa misitu, na majirani wote. Weka na 114 ya Zimamoto na Uokoaji, ijapokuwa gari lao liko mjini na njia ya porini unaijua mwenyewe. Kwa miali ya porini anayefika kwanza ni aliye karibu. Sungusungu walianza miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, lakini mwano (yowe la kuitana) ukipigwa watu wanatoka vilevile, na kijiji chenye akili kinauweka moto kwenye kazi zao.

Ukiona moshi, uliza kwanza unaelekea wapi, kabla ya kukimbilia. Moto wa mwezi wa tisa wenye upepo nyuma yake na majani marefu mbele yake hauzimwi kwa matawi na mwanadamu yeyote. Usisimame mbele yake. Nendeni kwenye kinga yenu, muungojee hapo ukija kwenye udongo mtupu, au muukate ubavuni kuanzia mkiani palikoungua. Daima mjue mtakimbilia wapi, na mahali salama kuliko pote ni palipokwisha kuungua. Kuna wazee wanaojua kuwasha moto wa kupokea, unaotoka kwenye kinga kwenda kukutana na ule unaokuja. Unafanya kazi kweli, ila uwe na amri ya mtu mmoja, na ihesabiwe kwanza kwamba hakuna mtu wala ng'ombe katikati. Kijana mwenye kiberiti na ushujaa mfukoni mnyang'anye hicho kiberiti.

Ukiunguliwa

Hata ukifanya yote haya, kuna mwaka utaunguliwa. Mwaka mmoja moto ulitoka shamba la jirani aliyekuwa ameanza kusafisha bila kibali, ukapita kona ambayo kinga ilikuwa nyembamba. Mizinga ilikwenda, na mitundu iliyokuwa na vichomozi vya maua ikanyauka juu, hivyo nyuki waliopona wakahama. Kilichonisaidia si kelele. Nilikuwa na nakala ya kibali changu yenye muhuri, daftari la saini za majirani, na picha za kinga nilizopiga mwezi wa sita. Mbele ya baraza aliyejua kujieleza alikuwa mwenye karatasi. Tuliafikiana alipe mizinga, na mwaka uliofuata tukafyeka ule mpaka pamoja.

Kwa hiyo siku hiyo hiyo, kabla hujaanza kulia, tembea mpaka. Tafuta moto ulikoanzia: sehemu iliyoungua kidogo kuliko nyingine ndiyo ya nyuma, moto ulikoanzia, na mabua mengi yaliyoanguka bila kuungua huwa yameelekeza vichwa kule moto ulikotoka. Piga picha za majivu, za mizinga, na za mpaka ukiwa na kitu kinachotambulika nyuma yake. Hesabu hasara mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na shahidi asiye ndugu yako. Andika, tarehe, saini. Mpelekee mtendaji kabla mvua ya kwanza haijanyesha, kwa sababu ikinyesha, ndani ya wiki moja pori lote litakuwa kijani na hakuna atakayekubali kwamba palikuwa na moto.